Barua ya Kwale: Bustani na Jina Lake

Mtu atokaye Msambweni au Diani kwenda mjini, akiisha kupanda feri pale Likoni na kutazama upande wake wa kulia, ataona ukingo wa kisiwa cha Mombasa na mibuyu mikubwa ya tangu zamani. Barabara ipitayo hapo, wakati wa Waingereza, iliitwa Azania Drive, yaani kwa jina ambalo Wayunani wa kale waliipa pwani yetu. Baada ya Uhuru ikapewa jina la Mama Ngina, mke wa Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta. Mwaka 2019 Serikali Kuu ilipatengeneza upya kwa gharama iliyotajwa kuwa Shs. 460,000,000, na Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba mwaka huo ikafanywa papo hapo mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, ambaye ni mwana wa mama huyo. Tangu hapo paitwa Mama Ngina Waterfront.

Nimesikia wengi wakiuliza kwa nini bustani ya Pwani isipewe jina la mtu wa Pwani. Swali hilo si la upuuzi, maana jina ni heshima, na heshima hutaka kugawanywa. Lakini tazameni mambo ya Unguja. Bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe ilitengenezwa kwa ajili ya jubilii ya Sultani Khalifa bin Harub, ikaitwa kwa jina la jubilii hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa Jamhuri. Na mwaka 2009, baada ya kutengenezwa upya na shirika la Aga Khan, ikafunguliwa tena. Pamoja na hayo yote, ukimwambia mchukuzi akupeleke Bustani ya Jubilii atakushangaa. Wenyewe husema Forodhani, na huko ndiko waendako jioni kula. Hata Mombasa vijana wengi husema tu kwamba wanakwenda Lighthouse.

Kwa hiyo mimi naliogopa lango kuliko kibao. Mahali palipokuwa wazi pande zote, mtu akijiendea na watoto wake kupunga upepo, sasa pana malango mawili mazuri yaliyojengwa kwa mtindo wa Kiswahili. Uzuri wake siukatai. Njia za miguu ni safi, na mzee apata mahali pa kuketi. Lakini penye lango huwapo bawabu, na penye bawabu haikawii kuja tikiti. Muuza madafu na muuza mihogo ya kukaanga ndio walioifanya bustani ile ipendwe kabla ya saruji kumwagwa. Wakikosa nafasi humo, au wakitozwa zaidi ya wanachochuma, hapo ndipo bustani itakapokuwa imebadilika kweli, hata kama jina halikuguswa.

Jambo hili latuhusu sisi wa Kwale zaidi kuliko tunavyodhani. Mtu wa miguu huvuka Likoni bila nauli, kwa hiyo maskini wa Ng'ombeni au Tiwi aweza kufika kwenye bustani ile kwa gharama ya matatu peke yake. Lakini kwetu Diani, ambako mchanga wasifiwa duniani kote, mtu wa kijijini huufikia kwa vichochoro vyembamba baina ya kuta za hoteli na viwanja vya watu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji makuu na maji madogo ni ya umma. Ufuo basi ni wetu. Shida ni njia ya kuufikia.

Nasikia watu wakitamani kwamba Diani nayo ipate bustani ya pwani kama ile ya Mombasa, na tayari wengine wabishana iitwe nani. Mimi ningeomba kwanza vichochoro vile vipimwe, viandikwe katika ramani na kuwekewa mawe ya mpaka, kabla ukuta mwingine haujajengwa.