Mfalme Bila Taji

Wako wasemao kuwa picha za wafalme wa zamani hazina faida kwetu, kwani ni nguo tupu zilizochorwa ili kuwapendeza wenye nguo. Mimi nasema zina faida kubwa, lakini kwa yule ajuaye kuzisoma.

Na tutwae mfano mmoja. Anthony van Dyck alizaliwa mwaka 1599 katika mji wa Antwerp, ambao leo umo katika Ubelgiji. Mwaka 1632 alikwenda London kumchorea Mfalme Charles wa Kwanza. Mfalme akampa cheo cha Sir, na mwaka uliofuata akamwekea malipo ya pauni 200 kwa mwaka. Hilo tulikumbuke: mchoraji alilipwa na yule aliyechorwa.

Mwaka 1636 Van Dyck alimchora Mfalme amevaa joho la enzi, na taji liko kando yake. Hapo hata mtoto hujua kuwa huyu ni mfalme. Lakini picha nyingine, iliyoko katika jumba la Louvre mjini Paris, ina werevu zaidi. Mfalme ameshuka farasini wakati wa kuwinda. Hana taji wala joho. Amevaa kofia pana, koti la hariri ing'aayo kama fedha, suruali nyekundu na viatu virefu vya ngozi. Mkono mmoja ameuweka kiunoni. Watumishi wako nyuma, na farasi ameinamisha kichwa kana kwamba amsujudia. Charles alikuwa mfupi wa kimo, lakini katika picha yaonekana kama sisi twamtazama kutoka chini. Ndipo mfupi akawa mrefu.

Wengine watasema, "Mwenye cheo cha kweli hahitaji mapambo." Sikubali. Hariri ile nayo ni pambo, na kule kujionyesha hajali ni pambo kubwa zaidi.

Raia wake hawakutishwa na picha. Mwaka 1642 vita vilizuka kati yake na Bunge, akashindwa. Tarehe 30 Januari 1649 alipitishwa katika jumba la Banqueting House, chini ya dari iliyochorwa na Rubens, mwenyeji mwingine wa Antwerp, kumtukuza baba yake Charles. Kisha akatolewa nje kukatwa kichwa. Asubuhi ile ya baridi alivaa shati mbili, asije akatetemeka watu wakadhani anaogopa. Van Dyck hakuziona, maana alikufa mwaka 1641. Lakini kwangu mimi shati zile zasema habari za mtu yule kuliko hariri yote.

Wanafunzi wenzangu, nanyi wazee wetu mliokwisha kuondoka shuleni, sote twapenda kupigwa picha tumevaa koti na tai. Si vibaya. Lakini tutazamapo picha ya mkubwa yeyote, tuulize: Nani amelipa? Nani amewekwa nyuma? Ni kitu gani kimeachwa nje? Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.