Kidonge Ndani ya Fromaji
Juma hili pale Sake, barabara inapoanza kupanda kwenda Masisi, niliona vijana wawili wamemlalia mbwa wao, mmoja ameshika taya, mwingine anasukuma kidonge cha minyoo kwa kidole. Mbwa alitema, akakimbilia nyuma ya duka, nao wakasema ana kichwa kigumu. Lakini prazikwanteli, dawa ya tegu, ni chungu kweli, na ukiisaga uchungu unaenea kwenye chakula chote. Mzee mmoja mchungaji wa huko milimani, ninayemheshimu sana, hukata fromaji ya Masisi vipande vitatu: cha kwanza kitupu, cha pili kina kidonge, cha tatu anakionyesha mapema ili mbwa ameze haraka. Mkono wa pole hufungua kinywa kilichoshinda nguvu. Na haya ni mambo ya afya yetu pia. Ng'ombe akichinjwa, mbwa hutupiwa mapafu na maini mabichi yenye uvimbe. Humo hupata tegu ambaye mayai yake hutoka na mavi, yakafika mikononi mwa watoto, na uvimbe ukakua ndani yao miaka mingi. Hata hivyo hatumzoezi mkono wa pole: kule Walikale mbwa huingia msituni kuwinda na kengele ya mti shingoni, anatuletea nyama, akirudi anapata teke. Ni aibu yetu: tunamgusa mbwa siku ya kumpiga na siku ya dawa tu, halafu tunashangaa akiuogopa mkono wetu. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ni sindano, na hapo fromaji haitasaidia kama hajazoea kushikwa.