Buriani Isiyo na Hesabu

Waswahili wamemtungia mgeni methali nyingi za kuingia, na chache mno za kutoka. Huambiwa aje ili mwenyeji apone. Huambiwa siku ya tatu apewe jembe. Lakini akishalishika jembe hilo, akalima misimu miwili, na siku ya kuondoka ikawadia, methali hunyamaza. Ukimya huo umegeuka maradhi, na aumwaye ni mwenyeji.

Mgeni anayekusudiwa hapa si mtalii, bali ni yule ajaye kujitolea. Uingereza ilianza kuwapeleka vijana wake ng'ambo kwa njia ya VSO mwaka 1958. Marekani ikaanzisha Peace Corps mwezi Machi 1961, na mwaka huohuo Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuwapokea: wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia. Japani ikafuata mwaka 1965. Baadaye walikuja walimu wa hisabati na sayansi, mabwana na mabibi shamba, na watu wa afya. Muda wa kawaida wa Peace Corps ni miezi 27: mitatu ya mafunzo, na 24 ya kazi.

Mwisho wa miezi hiyo unajulikana. Pilau hupikwa, viti huazimwa, mwalimu mkuu husimama akasifu, mwenyekiti wa kijiji naye akaongeza. Mgeni huvishwa kanga, hupigwa picha, hulia. Machozi hayo ni ya kweli, na asiyeyaamini hajapata kuishi na mtu miaka miwili akaachana naye. Linaloshitakiwa hapa si machozi. Linaloshitakiwa ni kwamba machozi yamechukua nafasi ya hesabu.

Maana hesabu ipo, ila haifanywi kijijini. Mgeni hupimwa afya, hukabidhiwa fedha za kumsaidia kuanza upya maisha ya kwao, na hupewa hati inayoeleza utumishi wake. Hata Kiswahili chake aghalabu hupimwa kwa mtihani wa mazungumzo kabla hajaondoka. Lakini hati ile huandikwa kwa Kiingereza, na humwendea aliyemtuma. Mtu amekwisha kuthibitishwa kuwa anakimudu Kiswahili, kisha hatakiwi kuandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili juu ya kazi aliyoifanya kati ya Waswahili!

Hasara yake si ya heshima tu. Sekondari ya kawaida Tanzania ni miaka minne. Mwalimu wa miezi 24, hata akifika siku kidato cha kwanza kinapofungua madaftari, humwacha mwanafunzi nusu ya njia. Nani ajuaye baada yake kwamba darasa lile halikuelewa mada fulani ya fizikia? Nani ajuaye jinsi alivyotengeneza vifaa vya majaribio kwa chupa na waya, au kwa nini mradi wa kuku ulikufa? Walimu wenzake huenda wakayasoma kwa Kiingereza, kama yameandikwa na kuachwa. Wazazi waliochangia matofali na kamati iliyomtafutia nyumba hawatayasoma. Atakayemfuata huanza upya, na kijiji hurudia makosa yaleyale kwa ukarimu uleule.

Peace Corps ina malengo matatu tangu mwanzo: kuzisaidia nchi zinazohitaji watu wenye ujuzi, kuwafanya watu wa nchi hizo wawaelewe vyema Wamarekani, na kuwafanya Wamarekani wawaelewe vyema watu wengine. Malengo hayo si mabaya. Lakini halimo la kuwatolea wenyeji hesabu. Mwenyeji ametajwa kama mwenye haja, kama mtazamaji, na kama habari ya kusimuliwa kwingine. Kama mdai hakutajwa.

Pwani inaujua mchezo huu tangu zamani, kabla ya neno kujitolea kupata maana yake ya leo. William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alizikusanya tungo za Muyaka bin Haji. Asingeziweza peke yake: Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyezitafuta na kuzifafanua. Karatasi za Taylor zikaishia London, nazo sasa zimo katika chuo cha SOAS. Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Kilichookoa tungo hizo ni kuwa ziliandikwa kwa Kiswahili chake zenyewe. Na kilichozichelewesha ni kuwa zilisafiri na mgeni. Mafunzo yote mawili yanamhusu mtu wa kujitolea wa leo.

Watasema watetezi: huyu hakulipwa mshahara, na kumdai hesabu aliyejitolea ni kukosa fadhila. La hasha. Jirani aliyemsahihisha ngeli kila jioni hakulipwa pia. Waliomletea uji alipougua malaria hawakulipwa. Kujitolea kulikuwa kwa pande mbili. Basi na hesabu iwe kwa pande mbili. Watasema na wapinzani: bora wasije kabisa. Hao nao hawajamjibu mwanafunzi asiye na mwalimu wa fizikia.

Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya korona, Peace Corps iliwaondoa watu wake wapatao 7,000 duniani kote kwa muda wa siku chache. Wengi hawakuwahi hata kuaga, na masikitiko yao yalistahili. Lakini lau utaratibu ungekuwa wa kuandika na kukabidhi kila muhula, kukosa pilau kusingekuwa kukosa kila kitu.

Lawama nyingine ni ya wenyeji wenyewe. Adabu imewafunga midomo. Huona haya kumuuliza mgeni, wakampa zawadi badala ya swali. Adabu ya namna hiyo humdhulumu hata mgeni, kwa kuwa humnyima nafasi ya kukiri lililomshinda. Kurasa tatu zinatosha: lililoanzwa, lililomalizika, lililoshindikana na sababu yake, na nani aliendeleze. Ziandikwe kwa Kiswahili, zisomwe kwa sauti mbele ya kamati kabla ya pilau kupakuliwa, zifungiwe katika kabati la shule. Kiswahili chake kikiwa na makosa, hakuna atakayecheka. Waliomfundisha ndio watakaosikiliza.

Mgeni aliyepewa jembe na alirudishe jembe, aonyeshe na alipoishia kulima.