Tumbo la Mama Siyo Shauri la Mtaa

Kwetu Kongo mama munene anasifiwa: bwana yake anamtunza. Kando ya ziwa Mai-Ndombe, Waekonda na Wantomba wana desturi ya walé: mama aliyezaa mara ya kwanza anapumzishwa, anakula vizuri, anapakwa ngola, na siku ya kutoka anashangiliwa. Desturi ile ina akili: inampa mama nguvu, na inaacha nafasi mbele ya mimba nyingine. Lakini sisi watu wa mjini tumeshika unene tu, mapumziko tumeyatupa. Kinshasa mabinti wanameza siproheptadini na deksametasoni, dawa za mzio na za uvimbe, ili wanenepe mbio.

Kiisha, mama yule yule akipata ugonjwa wa sukari, tansio ikipanda, muganga akimwambia habari ya kupasuliwa ili apunguze kilo, mtaa mzima unapiga kelele. Eti anaiga Wazungu! Eti ni uvivu! Mama mukwe naye anaogopa watu watasema mwana wake halishi bibi.

Uvivu gani? Upasuaji unaofanywa sana leo unaondoa karibu 80% ya mfuko wa chakula, na sehemu iliyokatwa hairudi. Mama atakula kidogo kidogo na kumeza vitamini maisha yake yote. Kwa wandugu zetu walioko Ubelgiji, bima ya afya hailipi ovyo: inataka kwanza mwaka mzima wa kujaribu kupungua kwa chakula, tena maoni ya daktari wa upasuaji, wa magonjwa ya ndani na wa saikolojia. Mama mukwe hayumo katika orodha ile.

Hata hapa kwetu, ruhusa ya bwana iliyodaiwa na Kodi ya familia ya 1987 iliondolewa na sheria ya Julai 2016. Katika vichwa vyetu ingali imekaa.

Sitetei kisu cha urembo. Mama anayepasuliwa juu bwana anatazama vibinti vyembamba, huyo hajaamua: ameamuliwa. Swali ni moja: ni ugonjwa unaomba, ao ni macho ya watu? Wa kujibu ni mama mwenyewe, akiisha kuelezwa yote na muganga.

Wazee wa walé walimzunguka mama kwa chakula na mapumziko, siyo kwa masengenyo. Tukitaka kushika desturi, tushike ile.