Mtoto mwenye usonji asiachiwe kulinda mabegi

Mwanangu ana miaka tisa na ana usonji. Kipindi cha michezo kikifika, wenzake hukimbilia uwanjani, yeye huambiwa abaki darasani alinde mabegi. Walimu hunieleza kwa upole kwamba wanahofia ataanguka, na kwamba filimbi ikilia huziba masikio na kupiga mayowe. Huruma yao naiona, lakini uamuzi wao siukubali. Wazazi wenzangu wa hapa Nyasubi, mjini Kahama, wana kilio hichohicho.

Ukitajwa usonji, watu humfikiria mtoto asiyezungumza au asiyemtazama mtu usoni. Mwili wake husahaulika. Mwanangu alichelewa kutembea, hadi leo hutembea kwa ncha za vidole, na vifungo vya shati humtoa jasho. Hayuko peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliotokana na majibu ya wazazi wa watoto zaidi ya 11,000 wenye usonji huko Marekani, ulionyesha kuwa takriban asilimia 87 walikuwa na dalili za ugumu wa kuratibu viungo. Basi anayehitaji uwanja kuliko wote ndiye tunayemfungia darasani!

Na mwili hufundishika. Mjomba wake, dereva wa bajaji, alichora miduara kwenye vumbi la uani, akaruka yeye kwanza, kimya, kisha akamshika mkono wakaruka pamoja. Kila jioni miduara ileile, kwa mpangilio uleule, kwa sababu mtoto huyu hutulia anapojua kinachofuata. Mpira wa dukani ulimtisha kwa kudunda, tukashona wa soksi na matambara. Tulianza kuuviringisha chini tukiwa tumekaa, ndipo tukaurusha, kwa karibu sana. Sasa anaudaka kwa mikono miwili. Anabeba dumu la lita tano kutoka bombani bila kumwaga, na siku aliyocheza analala usiku kucha, nasi tunalala.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na limewataja pia watoto wenye ulemavu. Mwalimu anaweza kuanza kesho: apige makofi badala ya filimbi, aonyeshe kwa vitendo kabla ya kueleza, ampe mtoto mwenza mmoja wa kucheza naye.

Lililo juu ya uwezo wa mwalimu ni uzio. Mtoto wa namna hii anaweza kuchomoka ghafla, na mji wetu unapitiwa na malori ya Rwanda na Burundi. Hapo ndipo halmashauri inapohusika, na migodi pia. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Ukanda huu, kuanzia Bulyanhulu hadi Geita, unaishi kwa dhahabu.

Waheshimiwa madiwani, mipango hiyo ikifika mezani kwenu, andikeni humo uzio wa viwanja vya shule na mafunzo ya mwalimu mmoja wa michezo kwa kila kata. Nanyi wazazi wenzangu mnaowaficha watoto ndani, njooni nao shuleni, tudai kipindi chao pamoja.