Mzee na Mlango Uliofungwa

Wako wasemao kwamba mzee mwanamume akaaye peke yake amejichagulia makao yake, na akipata chakula na dawa amepata yote. Usemi huu ni mwepesi kwa ulimi lakini ni mzito kwa haki. Haustahili kupita bila ya kujibiwa.

Zanzibar ilitenda jambo la sifa mwaka 2016, ilipoanza kuwalipa wakaazi wake wenye umri wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza nani aliwahi kuajiriwa. Heshima hiyo ni kubwa. Walakini fedha hununua mchele. Hainunui mtu wa kula naye.

Wahenga walikwisha nena kuwa upweke ni uvundo, na elimu imewasadiki. Mwaka 2010 wataalamu walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Waliona kuwa wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi kwa asilimia 50 ule wa wapweke.

Mwanamume huumizwa na malezi yake. Alifunzwa kwamba kulalamika ni aibu, akamwachia mkewe kazi ya kujua nani mgonjwa, nani ameoa, nani amefiwa. Mke afapo, kamba ya ujamaa hukatika. Shinikizo la damu humla kimya kimya, wala hapana wa kumwambia kwamba amekonda.

Baraza la mawe nje ya nyumba za Mji Mkongwe lilikuwa mlinzi asiye mshahara. Wazee walikunywa kahawa, wakacheza bao, na asiyeonekana aliulizwa. Afanyaye baraza kuwa meza ya bidhaa hauondoi ukaaji tu. Aondoa jicho lililomtazama jirani.

Mwana atumaye fedha kwa simu asijidhani amemaliza deni, wala mzee asijivunie ukimya wake kama kwamba ni ushujaa. Aibu kubwa zaidi ni ya mtaa mzima. Siku ya maziko watu hujaa njia, kila mmoja akigombea kulishika jeneza la mtu ambaye mwezi mzima hapana aliyempigia hodi. Hodi ile haikuwa na gharama, nayo ingalimfaa angali hai.