Kabla ya ekzosi, hesabu meno ya sproketi

Mwenye pikipiki ya mbio jijini Nairobi au Dar es Salaam akipata fedha ya ziada, mara nyingi hukimbilia ekzosi. Sauti inabadilika, mtaa mzima unajua nani anapita, lakini pikipiki ikiingia kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro au Mombasa Road tabia yake ni ile ile: nzito kuondoka, klachi inashikwa nusu nusu hadi inanuka, na mkono wa kushoto unachoka kabla ya safari kuanza. Kinachoweza kuibadili tabia hiyo ni sproketi ya mbele, kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye meno 15, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya ekzosi.

Chukua Yamaha YZF-R6, pikipiki ya cc 599 iliyoingia sokoni mwaka 1999 na ambayo bado inapendwa na vijana wengi wa mwendo kasi. Toleo la kuanzia 2006 lilitoka kiwandani na sproketi ya meno 16 mbele na meno 45 nyuma. Gawanya 45 kwa 16, unapata uwiano wa 2.81. Yaani sproketi ya mbele inazunguka karibu mara tatu ndipo tairi la nyuma limalize mzunguko mmoja. Kwa mpangilio huo, gia ya kwanza peke yake inaifikisha R6 zaidi ya kilomita 110 kwa saa, kabla injini haijagonga kikomo chake. Kilomita 110 kwa saa ndiyo kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa kwenye barabara kuu za Kenya. Ndani ya miji ni 50, na Tanzania nayo ni hivyo hivyo kwenye maeneo ya makazi. Gia tano zinazobaki, zikikimbizwa hadi kikomo, ni za mahali ambapo mwendeshaji wa kawaida hafiki, na akifika anavunja sheria.

Viwanda havikukosea. Pikipiki inayouzwa dunia nzima lazima ipite vipimo vya kelele na vya moshi, ionekane inatumia mafuta kwa kiasi, na iwe na kasi ya juu inayopendeza kwenye karatasi za matangazo. Gia ndefu, yaani yenye uwiano mdogo, husaidia yote hayo. Isiyemsaidia ni mtu anayetoka Ubungo kwenda Kariakoo saa mbili asubuhi, akiwa na injini ambayo nguvu zake za kweli zinaanza kujitokeza mshale ukipita mizunguko 10,000 kwa dakika.

Kwa Nairobi kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni mwinuko. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kompyuta ya pikipiki inaweza kupunguza petroli ili mchanganyiko ubaki sawa, lakini haiwezi kuumba hewa ambayo haipo. R6 iliyopangiwa gia kwa kipimo cha usawa wa bahari inapopanda Limuru, ambako mwinuko unapita mita 2,000, inabeba gia ndefu kwa nguvu pungufu. Mwendeshaji wa Nairobi basi ana sababu nzito kuliko mwenzake wa Mombasa ya kufupisha gia, na inashangaza kwamba wengi wanafuata namba za Ulaya bila kuuliza.

Waendesha bodaboda walishalielewa hili. Anayebeba magunia ya viazi kwenye milima anatafuta sproketi kubwa ya nyuma. Anayekimbiza abiria kwenye lami tambarare anaiacha ilivyo. Hajasoma kitabu chochote. Ameangalia njia yake na mzigo wake, akaamua.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Toa jino moja mbele kwenye R6, ubaki na 15 kwa 45: uwiano unakuwa 3.00 kamili, ongezeko la karibu asilimia 6.7. Ukitaka matokeo hayo hayo kwa kugusa nyuma tu, itabidi uongeze meno matatu, yaani 16 kwa 48. Ndiyo maana mafundi husema jino moja mbele ni sawa na matatu nyuma. Kwa anayetaka mabadiliko ya wastani, 16 kwa 47 inatoa 2.94, ongezeko la asilimia 4.4. Na kwa kile kinachopatikana kuna kinacholipwa: kama injini ilikuwa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika kwenye kasi fulani, baada ya kutoa jino moja mbele itazunguka 6,400 kwa kasi hiyo hiyo. Petroli itaongezeka kidogo, mtetemo na kelele pia, na kasi ya juu kabisa inaweza kushuka.

Kwenye mashindano hakuna anayeona aibu kupoteza kasi ya juu. Uwanja wa Mugello nchini Italia una njia iliyonyooka ya mita 1,141, na hapo ndipo Brad Binder wa Afrika Kusini alipofikia, akiwa mbioni, kilomita 366.1 kwa saa mwaka 2023. Sachsenring ya Ujerumani ni fupi, imejaa kona, na njia yake ndefu kuliko zote ni mita 700. Fundi anayepeleka gia za Mugello kule Sachsenring anamfanya dereva wake atambae akitoka kwenye kila kona. Kanuni ya viwanjani ni kwamba gia ya mwisho ifike karibu na kikomo mwishoni mwa njia iliyonyooka, si kabla yake wala mbali baada yake. Na katika madaraja mengi ya pikipiki zinazouzwa madukani, ambako sheria zinakataza kugusa gia za ndani ya injini, sproketi ndiyo nafasi pekee ya kufanya kazi hiyo. Ikiwa watu wanaolipwa kushinda wanabadilisha meno kila wanapobadilisha uwanja, mwendeshaji wa mtaani anayeng'ang'ania namba moja kwa sababu "ndiyo ya kampuni" anajinyima mwenyewe.

Hata hivyo, kubadilisha kuna adabu yake, na hapa ndipo kazi nyingi za pembezoni mwa barabara zinapoharibika. Nati ya sproketi ya mbele imekazwa kwa nguvu kubwa na washa yake imekunjwa pembeni ili isifunguke. Njia salama ni kuinyoosha washa ile, kisha kulegeza nati wakati cheni bado imefungwa, mtu wa pili akiwa ameshika breki ya nyuma. Kinachoonekana mara nyingi ni patasi na nyundo. Nati inabaki na makovu, na kila pigo linaingia kwenye shafti na beringi zake. Wakati wa kurudisha, washa iwe mpya, na nati ikazwe kwa spana ya kupimia, kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki hiyo hiyo, si ya jirani yake.

Cheni nayo ina kauli. Meno yakiongezeka nyuma, cheni ya zamani inaweza kuwa fupi. Tairi linavutwa mbele, na hata likifika, pikipiki inafupika kidogo na kunyanyua gurudumu la mbele kwa urahisi zaidi. Jino likipungua mbele, cheni inapinda zaidi na kusugua plastiki inayolinda mkono wa tairi la nyuma, hivyo plastiki ile ikaguliwe mara kwa mara. Kushuka meno mawili mbele ni kuutafuta uharibifu. Kisha lipo kosa la kufunga sproketi mpya kwenye cheni iliyokwisha. Kuijua ni rahisi: ivute kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikitoka hadi nusu ya jino ikaonekana, imekwisha. Meno ya sproketi yaliyochongoka na kulala upande mmoja mfano wa pezi la papa nayo hayana maisha. Vitatu hivi, cheni na sproketi mbili, vinunuliwe pamoja na vifungwe pamoja. Cheni ikikatika kwenye mwendo inaweza kupasua ganda la injini au kufunga tairi la nyuma, na hapo hakuna tena mazungumzo ya kuokoa fedha.

Wapo wanaouziwa cheni nyembamba ya 520 na sproketi ya nyuma ya aluminiamu kwa kuwa ndivyo wafanyavyo wakimbiaji. Ni kweli ni nyepesi. Lakini timu ya mashindano inakagua vifaa vyake kila wikiendi na kuvitupa bila huruma. Kwenye vumbi na mchanga wa barabara zetu aluminiamu inaliwa haraka, na kwa matumizi ya kila siku sproketi ya chuma inashinda.

Halafu kuna spidomita. Kwenye pikipiki nyingi za mbio za miaka ya nyuma, R6 ya 2006 ikiwemo, kasi inapimwa kwenye gia, kabla ya sproketi. Ukitoa jino mbele, pikipiki ikiwa kwenye kilomita 100 halisi mita itahesabu karibu 107. Hilo halihatarishi sana, maana linamfanya mtu aende taratibu kuliko anavyodhani. Gumu ni kinyume chake: mwenye kuongeza jino mbele ili apate gia ndefu anakimbia kuliko mshale unavyosema, na tochi ya askari haisomi mshale wake. Kilomita zinazojikusanya nazo zinapotoka. Kwa sproketi ya 15, safari ya kilomita 10,000 inaandikwa kama 10,667. Kipo kisanduku kidogo cha umeme kinachorekebisha hesabu hiyo, na anayebadilisha meno anapaswa kukihesabu kama sehemu ya gharama. Pikipiki mpya zaidi zinazosoma kasi kwenye magurudumu hazina tatizo hili.

Si kila mtu anahitaji mabadiliko. Anayesafiri kila wiki kati ya Nairobi na Mombasa, karibu kilomita 480, atafurahia gia ndefu ya kiwandani: injini inatulia, mikono haifi ganzi, tangi linakwenda mbali. Mwenye pikipiki ya cc 1,000 naye ana nguvu ya ziada ya kutosha kiasi kwamba kufupisha gia kunaweza kumletea gurudumu la mbele hewani pale asipolitaka. Lakini kwa cc 600 inayoishi mjini au kwenye nyanda za juu, jino moja mbele au mawili nyuma ni fedha iliyotumika vizuri kuliko ekzosi yoyote.

Wewe mwenye pikipiki, kabla hujanunua chochote, inama uhesabu meno uliyonayo sasa, maana huenda aliyekuuzia alishabadilisha bila kukuambia. Na wewe unayeuza, mwambie mnunuzi namba hizo mbili wazi, pamoja na kama spidomita ilirekebishwa. Anayeinunua atakaa juu yake, na ana haki ya kujua mshale ule unamwambia nini.